Nundu ya Dole Gumba na Kalamu ya Tabibu

Miongoni mwa maradhi ya mwanadamu yako yaliyotukuka kwa hofu, ambayo yakitajwa tu watu huinamisha vichwa, na yako madogo yasiyoua wala kulaza kitandani, ambayo mwenye nayo huona haya hata kumweleza tabibu mpaka siku kiatu kitakapomkataa. Na katika hayo madogo nimeichagua nundu ya dole gumba la mguu kuwa mada ya sura hii, si kwa ukubwa wa madhara yake, bali kwa kuwa sijui ugonjwa mwingine unaodhihirisha kwa uwazi kama huo jinsi karatasi inavyoweza kuipoteza haki ambayo macho yameiona na mikono imeipapasa.

Watu wengi hudhani kwamba nundu ile ni kipande cha mfupa kilichochipua ubavuni mwa mguu, na kwamba daktari akitaka kuiondoa yatosha aikate kwa msumeno na jambo limekwisha. Lakini aghalabu hakuna mfupa mpya uliozaliwa. Ule mfupa mrefu wa kwanza wa wayo, unaolibeba dole gumba, umeegemea upande wa ndani kuuelekea mguu wa pili, na dole lenyewe limepinda kinyume chake, likiwasukuma wenziwe, hata pale mfupa na dole vinapokutana kichwa cha mfupa kikatokeza nje, ngozi ikasuguliwa na kiatu, na kifuko kidogo cha majimaji kilichoko chini ya ngozi kikavimba na kuwaka moto. Mpindo huo ndio ambao tabibu wa Kijerumani Carl Hueter, yapata mwaka 1870, aliupa jina la Kilatini la haluksi valgasi, na madaktari wa dunia nzima wakalipokea. Basi yamo mambo mawili ndani ya mguu mmoja, mpindo wa mifupa na uvimbe ulio juu yake, na ingawa mara nyingi hufuatana, si lazima yalingane: mtu aweza kuwa na mpindo mkubwa na uvimbe haba, na mwingine akawa na uvimbe mwekundu wa kutisha juu ya mpindo ambao picha ya eksirei huuonyesha kwa shida. Msomaji na alishike hilo, maana ugomvi wote wa misimbo, yaani zile herufi na tarakimu zinazosimama badala ya majina ya maradhi na tiba, tutakaousimulia umejengwa juu yake.

Asili ya maradhi haya imejadiliwa siku nyingi, wengine wakiilaumu nasaba na wengine viatu, na kila upande una ushahidi wake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 177 wa zama za kati waliozikwa mjini humo na kandokando yake: miongoni mwa waliokufa kati ya karne ya 11 na ya 13, wenye athari za mpindo huu walikuwa 6 tu kwa mia, ilhali miongoni mwa wale wa karne ya 14 na 15, walioikuta fasheni ya viatu vyenye ncha ndefu zilizochongoka, walikuwa 27 kwa mia, na fasheni hiyo ilizidi mipaka hata mfalme Edward IV akatunga sheria ya kupunguza urefu wa ncha hizo. Huko Hong Kong nako, mwaka 1958, madaktari Sim-Fook na Hodgson waliwalinganisha Wachina wavaao viatu na wale waendao miguu mitupu, wakakuta mpindo kwa watu 33 katika kila mia ya wavaa viatu, na hata wawili kwa mia hawakutimia upande wa pili. Msomaji wa pwani aliyezoea makubadhi ana ruhusa ya kutabasamu hapa, ila asizidishe, kwani nasaba nayo ina fungu lake, na wapo wenye nundu ambao hawajakijua kiatu chembamba maishani mwao. Tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja mwaka 2010, ilionekana kwamba watu 23 katika mia wenye umri wa miaka 18 hadi 65 wanao mpindo huo, na katika waliovuka 65 idadi hupanda kupita theluthi. Ugonjwa ulioenea kiasi hicho hauwezi kukaa nje ya hesabu za serikali na za bima.

Hesabu zenyewe zilianza kwa maiti. Orodha ambayo Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, aliiwasilisha Chicago mwaka 1893 mbele ya Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu, ilikuwa orodha ya sababu za vifo, na kwa kuwa nundu ya dole gumba haimpeleki mtu kaburini, haikuwa na haki ya kutajwa humo. Ni mwaka 1948 tu, Shirika la Afya Duniani lilipoichukua dhamana ya orodha hiyo na kutoa toleo lake la 6, ndipo maradhi yasiyoua yalipofunguliwa mlango, na mwenye kuumwa akahesabiwa pamoja na aliyekufa. Toleo la 10, lililopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani mwezi wa Mei 1990, liliupa mpindo wa dole gumba msimbo wa M20.1, na chini ya msimbo huohuo likaitaja nundu, kana kwamba ni kitu kimoja. Hospitali zinazofuata toleo hilo la Shirika kama lilivyo hazina la kuchagua katika jambo hili. Tabibu akiandika mpindo au akiandika nundu, karani atafikia herufi moja na tarakimu zilezile.

Wamarekani hawakuridhika na wepesi huo. Kabla ya tarehe 1 Oktoba 2015 walikuwa wakitumia orodha kongwe ya toleo la 9, ambamo nundu ilikuwa na namba yake, 727.1, na mpindo namba yake, 735.0. Walipohamia toleo la 10 walilolipanua kwa mahitaji yao wenyewe, nundu ilipoteza makao, ikawa kila anayeitafuta katika faharasa anaelekezwa kwenye mpindo. Hali hiyo ilidumu mwaka mmoja tu. Oktoba 2016 nundu ilirudishiwa milki yake katika fungu jingine la orodha: M21.611 kwa mguu wa kulia, M21.612 kwa wa kushoto, na M21.619 kwa mguu usiotajwa, huku mpindo ukibaki na M20.11 kwa kulia, M20.12 kwa kushoto, na M20.10 kwa yule ambaye tabibu wake alisahau kwamba binadamu ana miguu miwili. Nundu ndogo ya ukingo wa nje, kwenye shina la kidole cha mwisho, ambayo zamani ilihusishwa na mafundi cherehani kwa sababu ya ukaaji wao wa kupishanisha miguu sakafuni, nayo ikapata M21.62 na matawi yake siku hiyohiyo. Wala hakuna msimbo wa miguu yote miwili kwa pamoja. Mwenye mpindo kulia na kushoto huandikiwa misimbo miwili, kila mguu na wake.

Mtu asiyeijua kazi hii aweza kusema kuwa huo ni ushupavu wa makarani, na kwamba mguu hauponi upesi kwa kuandikiwa tarakimu 6 badala ya 4. Mimi naona kinyume chake. Utengano ule wa nundu na mpindo unamlazimisha tabibu aamue ameona nini: je, kilichomleta mgonjwa ni ngozi na kifuko kilichowaka, ambacho pengine kiatu kipana na pedi vitakituliza, au ni mifupa iliyokwisha kuhama mahali pake, ambayo hakuna pedi itakayoirudisha? Anayeandika neno moja la jumla hajasema lolote juu ya hilo, na tiba inayofuata itasimama juu ya msingi ambao hakuna ajuaye kilichomo ndani yake.

Sasa tumwangalie karani wa misimbo, ambaye hajauona mguu na hatauona kamwe. Kazi yake ni kuisoma hati ya tabibu na kuigeuza kuwa misimbo, na sheria za Marekani zimembana kotekote: haruhusiwi kubuni ugonjwa ambao tabibu hakuutaja, wala, kwa mgonjwa asiyelazwa, kuuandika kama thabiti ugonjwa ambao tabibu ameushuku tu. Hata akikuta katika majibu ya eksirei kwamba dole limepinda nyuzi 38, na hata akijua kwa uzoefu wa miaka mingi kwamba nyuzi hizo ni nyingi, hana idhini ya kulitoa jina la ugonjwa kutokana na kipimo. Jina sharti litoke kwa tabibu. Akiona hati ina kombo, anaweza kumwuliza mwandishi wake, na swali hilo lina adabu zake zilizoandikwa na vyama vya taaluma hiyo, mathalani AHIMA: asiulize kwa namna ya kumtia mwenzake jawabu kinywani, wala asitaje kuwa jawabu fulani litaleta malipo mazuri zaidi, bali aweke mbele yake yale yaliyomo katika faili, na hiari kadhaa zinazokubalika kitabibu, pamoja na nafasi ya kujibu kuwa ni jambo jingine au haliwezi kuthibitishwa. Adabu hizo zafanana sana na zile za kadhi mbele ya shahidi, naye shahidi hapa ni tabibu.

Lakini mashahidi wengi hawapendi kusema. Chukua hati ya mistari miwili, ambayo naitunga hapa kwa mfano: «Mgonjwa ana nundu. Mguu unauma. Apasuliwe.» Mguu upi? Unauma wapi, juu ya nundu, ndani ya kiungo, au chini ya wayo kwenye shina la kidole cha pili, ambacho mara nyingi hubebeshwa uzito usio wake pale dole gumba linaposhindwa kazi? Tangu lini, na mgonjwa anashindwa nini: kusimama dukani mchana kutwa, kupanda ngazi, kuvaa viatu vya kazini? Amejaribu tiba gani kabla ya kisu, kwa muda gani, nayo ilimsaidia kwa kadiri gani? Bima nyingi za Marekani hukataa kulipa upasuaji wa nundu mpaka majibu ya maswali hayo yawemo katika faili, yaani kiatu kipana, soli ya kuegemezea, pedi na dawa za maumivu vimejaribiwa na kushindwa, kwa sababu bima hailipi urembo, na mguu uliopinda bila kuuma huhesabiwa kuwa ni suala la sura. Huenda mgonjwa aliyataja yote hayo kwa kinywa chake katika chumba cha daktari, akayafafanua kwa machozi, na daktari akamhurumia kwa dhati, lakini dai likikataliwa baadaye hakuna atakayeitwa kutoa ushahidi isipokuwa karatasi.

Uchunguzi wa mikono nao una haki ya kuandikwa. Je, dole likishikwa na kunyooshwa linarudi mahali pake, au limekakamaa? Je, kiungo kinauma kikizungushwa? Kikiwa kigumu na chenye maumivu kila kinapopindwa juu, yamkini tatizo ni ukavu wa kiungo, ambao una msimbo wake, M20.21 kwa kulia na M20.22 kwa kushoto, na upasuaji wake ni mwingine kabisa. Kikiwa chekundu na cha moto, kimemwamsha mgonjwa ghafla usiku wa manane, tabibu mwenye busara ataifikiria jongo kabla ya nundu, maana jongo hupenda mno kushukia palepale, na kumpasua mwenye jongo kwa kumdhania ana nundu ni msiba ambao mstari mmoja wa hati ungeweza kuuzuia.

Kisha huja picha, nayo sharti ipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Mguu uliolala kitandani haubebi kitu, na mifupa isiyobeba kitu huficha mpindo wake. Ndiyo maana hati isiyotaja kwamba mgonjwa alisimama hupunguza thamani ya vipimo vyote vinavyofuata. Pembe mbili ndizo zinazotazamwa sana: ile iliyo kati ya dole gumba na mfupa wake wa wayo, ambayo kwa mguu mzima haifiki nyuzi 15, na ile iliyo kati ya mfupa wa kwanza wa wayo na wa pili, ambayo huwa chini ya nyuzi 9. Pembe ya kwanza ikivuka 40, au ya pili ikivuka 16, mpindo huitwa mkubwa, na daktari mpasuaji huanza kufikiria kuikata au kuiunganisha mifupa mbali na nundu yenyewe, huko nyuma katikati ya mguu. Msimbo wa ugonjwa haubebi nyuzi hizo hata moja. Mwenye nyuzi 18 na mwenye nyuzi 45, wote kwa mguu wa kulia, ni M20.11, na kinachowatenga ni maneno ya tabibu peke yake.

Upande wa upasuaji ndio wenye mitego zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Tangu mwaka 1966 Chama cha Madaktari cha Marekani kimekuwa kikitoa kitabu cha misimbo ya kazi za matabibu, kila kazi na tarakimu zake, ambazo sasa ni 5, na kwa miaka mingi fungu la nundu lilisomeka mithili ya orodha ya wazee wa ukoo: Silver, Keller, McBride, Mayo, Mitchell, Joplin, Lapidus. Kila mmoja aliacha namna yake ya kupasua. Keller aliieleza yake mwaka 1904, Silver 1923, McBride 1928, Lapidus 1934, na wanafunzi wao wakaongeza, wakapunguza, wakachanganya, hata ikawa daktari wa jiji moja akisema amefanya ya McBride, na wa jiji jingine akasema vivyo hivyo, huenda hawakugusa mishipa ileile. Januari 2017 kitabu kilisafishwa. Majina ya watu yakaondolewa katika fungu hilo, misimbo 28290, 28293 na 28294 ikafutwa, na kila kazi ikaelezwa kwa mfupa uliokatwa: 28296 ni kuukata mfupa wa kwanza wa wayo upande wa mbele, karibu na dole, 28295, uliozaliwa mwaka huo, ni kuukata upande wa nyuma, 28298 ni kuukata mfupa wa dole lenyewe, 28299 ni kukata mahali pawili, 28297 ni kukiunganisha kiungo kilicho nyuma ya mfupa wa wayo kisichezecheze tena, na 28292 hubaki kwa upasuaji usiokata mifupa hiyo kwa namna yoyote kati ya hizo. Yawezekana mtu akasikitika kuona wazee wanatolewa katika kitabu. Mimi sisikitiki: heshima ya marehemu ina vitabu vya historia, na karani anataka kujua msumeno ulipita wapi.

Hata hivyo vyumba vya upasuaji havikubadili lugha yake, na mpaka leo daktari huandika kwamba amefanya Lapidus, akaona amemaliza. Tazama madhara yake. Msimbo 28297 unahusu kuirekebisha haluksi valgasi kwa kuondoa nundu pamoja na kuunganisha kiungo cha nyuma. Lakini wako madaktari wanaokiunganisha kiungo hicho, wakaurudisha mfupa mahali pake, na wakiona nundu imezama yenyewe hawaikati. Kwa maelezo ya wanaofundisha kazi hii, upasuaji wa namna hiyo, usiogusa nundu, haustahili 28297, bali 28740, ambao ni wa kuunganisha kiungo kimoja cha katikati ya mguu. Kwa jicho la mgonjwa hakuna tafauti, mguu wake umenyooka. Karani naye hutafuta katika kurasa za taarifa ya upasuaji sentensi moja isemayo kwamba kichwa cha mfupa kilichotokeza kilikatwa, na asipoiona hawezi kuitia yeye, hata kama ana yakini moyoni kwamba ilifanyika. Kadhalika mtu aliyekatwa mfupa wa wayo na mfupa wa dole katika kikao kimoja ni wa 28299, lakini kama kichwa cha taarifa kinasema tu «kuondolewa nundu» na maelezo ya ndani yamenakiliwa kutoka kwa mgonjwa wa jana, hakuna ajuaye kwa yakini ni mikato mingapi iliyofanyika. Huu unakilishaji, ambao mitambo ya kisasa imeurahisisha kupita kiasi, nauona ni fitina kubwa kuliko mwandiko mbaya wa zamani. Mwandiko mbaya ulimfanya msomaji atie shaka, ilhali nakala safi humdanganya akiwa ametulia.

Upande wa pili uko udhalimu wa wapasuaji wachache wanaotaka kulipwa kwa kila kitu walichokigusa. Kuikata kano iliyokaza, kufungua kifuko cha kiungo, kuondoa kile kifuko cha majimaji, kutia skrubu za kuushikilia mfupa: yote hayo, yakifanywa kwenye kiungo hichohicho cha dole gumba, yamo ndani ya msimbo mmoja wa kurekebisha nundu, wala hayaandikiwi madai yake pekee. Akirekebisha na kidole cha pili kilichokunjamana, hiyo ni kazi nyingine, na hati itaje kidole hicho kwa nafasi yake, kwa sababu kila kidole cha mguu kina alama yake ya kuambatanishwa na msimbo: TA ni dole gumba la kushoto, T5 ni dole gumba la kulia, na vingine vimepangwa baina yao na baada yao.

Malipo ya upasuaji huu, kwa kanuni za Medicare, bima ya serikali ya Marekani, hujumlisha siku 90 zinazofuata, ili daktari asimtoze mgonjwa kila anapokuja kufunguliwa bendeji. Lakini mwenye nundu mbili hapasuliwi miguu yote kwa pamoja kila mara, maana atahitaji mmoja wa kumbebea mwingine, na mara nyingi anarejea kwa mguu wa pili kabla siku hizo hazijatimia. Dai la pili likifika bila maelezo, bima hudhani ni sehemu ya lile la kwanza na hulikataa; ndipo karani huambatanisha alama 79, inayomaanisha kwamba kazi hii haihusiani na ile iliyotangulia ingawa daktari ni yuleyule. Ili aweze kuiweka, humlazimu kuona katika hati ya kwanza mguu mmoja umetajwa na katika ya pili mwingine, na kama zote mbili zimeandikwa «mguu», atalirudisha faili kwa daktari, na mgonjwa atakaa na bili mkononi akisubiri jawabu.